Kiraka Changu na Msiba wa Likawage

Vijana wa Rasbura, hapa Lindi, wakipita dirishani kwangu hunipa shikamoo, kisha mmoja wao lazima aulize: mzee, hivi ni kweli ulikuwa unatengeneza kompyuta za dunia nzima humo ndani? Nikisema ndiyo, wanacheka. Nikisema hapana, wanacheka vilevile. Basi naandika, mkacheke kwenu.

Nilifanya kazi ya kuziba matundu ya usalama kwenye kiini cha mfumo endeshi. Msitishwe na maneno. Mfumo endeshi ni ile programu kubwa inayoiamsha simu au kompyuta na kuiendesha. Kiini ni sehemu yake ya chini kabisa, ambayo hamuioni na haina picha hata moja. Ndicho kinachogawa kumbukumbu ya mashine, ndicho kinachosema programu hii ipite na ile isubiri. Programu ya kawaida ikikosea, inajifunga na wewe unaguna. Kiini kikikosea, aliyepenya anakuwa mwenye nyumba.

Kiini nilichokihudumia ni cha wazi. Yeyote anaweza kukisoma, na akiona kosa anapeleka kiraka, yaani mistari michache ya kurekebisha. Ndiyo maana mtu wa kidato cha nne, tena wa daraja ambalo sitalitaja hapa, alipata nafasi. Hawakuuliza cheti, waliuliza kiraka. Baada ya viraka vingi kampuni moja ya mbali ikaniajiri kwa barua pepe, na kwa barua pepe hiyohiyo nikastaafu. Hakukuwa na keki.

Kazi hii niliipenda kwa sababu isiyo ya kujivunia: haikunitaka nitoke. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikifika Mtwara kichwa kinauma. Dar nimekwenda mara mbili, na zote mbili nilirudi kabla ya siku niliyopanga. Wenzangu wa kiini waliwahi kunialika kwenye mkutano ng'ambo, nikawajibu kwa heshima kwamba nina kuku anayeatamia. Walidhani ni mzaha. Kuku alitotoa tisa.

Aliyenifundisha ni mama mmoja wa nchi ya baridi, ambaye sura yake sijaiona hadi leo. Kwenye kiini kila sehemu ina mlinzi wake, na kiraka hakiingii mpaka mlinzi akubali. Yeye alikuwa mlinzi wa sehemu ya kumbukumbu. Barua yangu ya kwanza kwake niliianza kama tulivyofundishwa shuleni: salamu, hali ya hewa ya Lindi, pole na majukumu, natumaini jamaa wote hawajambo, kisha huko chini kabisa, kiraka. Akajibu: "Jamaa hawajambo. Kiraka kinaangusha mashine za aina mbili. Rudia."

Nikarudia. Akakirudisha. Mara ya nne nilizima kompyuta, nikakaa uani nimevimba. Mke wangu, Somoe, akauliza amekufa nani.

"Yule mama amenikatalia tena."

"Mara ya ngapi?"

"Nne."

"Mimi nilikukataa mara tano na hukuvimba hivyo. Rudi ndani."

Kiraka kile kilikubaliwa mara ya kumi na moja. Baadaye yule mama aliniuliza neno lile ninaloanzia barua zangu, shikamoo, maana yake nini. Nikamweleza, na jibu lake nikampa. Tangu siku hiyo kila barua yake ilianza na Marahaba, hata zile za kunikatalia. Inauma kidogo kukataliwa na mtu aliyekwisha kukuitikia, lakini unakaa chini na kurekebisha.

Alinifundisha mambo mawili ambayo nawapa bure. La kwanza, mkisoma programu ya mtu msianze na njia ambayo kila kitu kinakwenda sawa. Njia hiyo mwandishi ameipita mara mia na ameifagia. Anzeni na njia ya kushindwa: kumbukumbu imekwisha, aliyekuwa anasubiri amekatizwa, kifaa kimechomolewa katikati. Matundu yanalala huko, kwa sababu hakuna anayepita. Umeme wa hapa kwetu ulinisaidia sana katika hilo. Wenzangu ng'ambo walikuwa wakibuni namna ya kuikatiza mashine ghafla ili waone itaamkaje. Mimi sikuhitaji kubuni.

La pili, maelezo ya kiraka yawe marefu kuliko kiraka. Andika kosa lilikuwa nini, lilianza lini, na kiraka gani kililileta. Huko kwenye kiini kila rekebisho la kosa hutaja jina la kiraka kilichokosea, pamoja na mwandishi wake, na maandishi hayo hayafutiki. Utaratibu huo ni mzuri sana mpaka siku mwandishi ni wewe.

Siku hizi mna mashine zinazokirushia kiini maswali ya ovyo usiku na mchana mpaka kianguke, kisha zinawaletea ripoti. Mimi nilianza kwa kuchapa kurasa na kuzitandaza mkekani, korosho mbichi juu yake zisipeperuke. Msidhani nasifia ya zamani. Mashine zile ziliona katika wiki moja nisiyoyaona mwaka mzima, na hazikuzila korosho.

Sasa niwaambie habari ya Likawage, maana ndiyo mnayoisikia nusu nusu kwa shemeji zangu.

Mkiona tundu kubwa, hamlitangazi. Mnawaambia walinzi wachache, mnatengeneza kiraka kwa siri, mnapanga siku na saa ya kukitoa, na wote mnafunga midomo mpaka hapo. Ukisema mapema, wahalifu wanaingia kabla kiraka hakijatoka. Siri ya namna hiyo ni rahisi kwa mtu anayeishi peke yake ghorofani. Rasbura jirani anajua umepika nini kabla chumvi haijakolea. Mimi nilimwambia Somoe kila mara sentensi moja tu: nina jambo siwezi kulisema mpaka siku fulani. Alizoea.

Safari hii tulikuwa watu watano tunaojua. Tundu lilikuwa sehemu ya kumbukumbu, kiraka niliandika mimi, mlinzi wangu alikikubali nilipokipeleka mara ya pili tu, nikajiona nimekuwa mtu. Kilikuwa kitoke Jumatatu mchana. Ijumaa ikaja simu kwamba baba mkwe wangu amefariki huko kwao Likawage.

Somoe aliniangalia nikitafuta begi la kompyuta. "Hilo dude haliendi msibani kwa baba yangu," akasema. Halikwenda. Na huko bara kwenyewe lisingefaa kitu: simu ya kupiga inashika ukisimama karibu na dirisha la upande wa shule, lakini intaneti hakuna. Tulizika Jumamosi. Dua ya siku ya tatu ilikuwa Jumatatu asubuhi, na mkwe kama mimi kazi yake ni kukaa jamvini na wanaume, kupokea wageni, kuchota maji na kunyamaza. Kazi ambayo kwa kweli naiweza.

Jumapili mchana tukaletewa wali. Mnajua tunavyokula msibani, wanaume watano au sita kwa sinia moja, na mgawaji anazunguka akiangalia. Wanaosimama anawahesabu kwa jicho. Haondoi sinia mpaka wa mwisho aondoe mkono, kwa sababu kumwondolea mtu sinia angali anakula ni aibu isiyo na maelezo. Mgawaji wetu alikuwa shemeji yangu Selemani, kaka yake Somoe, mtu makini.

Sinia la jirani yetu alibaki mzee mmoja, mjomba wa marehemu, anayekula polepole. Mlangoni wakaingia wageni, wanne kutoka Nyangamara na mmoja ambaye mzee alimfahamu tangu ujana. Mzee akanyanyuka kumpokea, mkono wa kulia ameuinua pembeni usimchafue, maana yake narudi. Selemani aliona sinia halina mtu. Akaliondoa, akalijaza upya, akaliweka palepale, akawaketisha wale wanne wa Nyangamara. Mzee akarudi, uso bado uko kwa rafiki yake anamsimulia jinsi marehemu alivyougua, akachuchumaa pale alipopaacha, akatia mkono, akachukua nyama kubwa kuliko zote.

Wale wanne wakatazamana. Nani amwambie mzee kama yule, katika siku kama ile? Wakasogea kumpa nafasi. Mmoja akamsogezea na mchuzi.

Watu wa upande wangu walikuwa wanajizuia kucheka. Mimi nikaondoa mkono kwenye sinia. Nilikuwa nimeona kiraka changu.

Nisikilizeni taratibu, ni jambo dogo. Kiini nacho huhesabu wanaokula. Kipande cha kumbukumbu kinatumiwa na kazi kadhaa kwa pamoja, kila inayoanza inaongeza moja, kila inayomaliza inapunguza moja, na hesabu ikifika sifuri kipande kinaondolewa na kupewa wengine. Tundu la mwanzo lilikuwa kwamba kazi ya aina moja ilikula bila kuhesabiwa. Mimi nikaiongeza kwenye hesabu. Vizuri. Lakini niliandika pia kwamba ikikatizwa katikati, ipunguzwe. Na hiyo kazi ikikatizwa haiondoki! Inanyanyuka kumsikiliza aliyeiita, kisha inarudi palepale kuendelea. Hesabu imefika sifuri, kipande wamepewa wengine, na yenyewe inatia mkono kwa kujiamini. Mhalifu hana haja ya kuvunja mlango. Anaikatiza kazi kwa makusudi, sinia linaondolewa, anaweka chakula chake yeye, kisha anangoja kiini kirudi kukila.

Ni njia ya kushindwa. Ile niliyofundishwa kuianza. Niliisoma mwisho, nimechoka, nikiwaza nilivyokubaliwa mara ya pili tu.

Nikanawa, nikakaa nyuma ya nyumba kupima. Kupiga simu kungetosha, lakini namba ya hata mmoja wa wale wanne sikuwa nayo, tulikuwa tunaandikiana tu. Kiraka kile kikitoka Jumatatu kama kilivyo, kila mashine itakayokipokea itakuwa imepokea tundu jipya, na mistari yake iko wazi kwa kila mhalifu anayejua kusoma. Upande wa pili, mkwe anayeondoka kwenye msiba wa baba mkwe kabla ya dua ya siku ya tatu hana pa kuketi tena katika ukoo huo. Kueleza nisingeweza, kwa sababu siri ilikuwa bado siri, na hata ningeeleza, nani angeniamini kwamba dunia inaharibika kwa sababu mjomba amekula nyama ya watu wa Nyangamara?

Nikamwita Somoe kwenye ua wa jikoni.

"Ni lile la Jumatatu?" akauliza kabla sijafungua mdomo.

"Ni lile. Nimekosea mimi."

"Ukikaa itakuwaje?"

"Labda lisitokee kitu. Labda watu wengi waibiwe, na hospitali zifungiwe mashine zao. Sijui."

Alikuwa na moshi machoni, sikujua analia au la. "Nenda," akasema. "Mama usimuage. Ukimuaga atakushika mkono, na wewe ukishikwa mkono huondoki."

Nikaondoka bila kumuaga mama mkwe. Nikapita nyuma ya choo kama mwizi wa kuku, nikapata bodaboda wa kunifikisha barabara ya lami, kunakoshika intaneti. Dereva alikuwa kijana mchangamfu kwa kadiri nisivyohitaji.

"Mzee, umefiwa?"

"Nimefiwa."

"Pole sana. Msiba uko wapi?"

"Huko tunakotoka."

Akanitazama kwenye kile kioo cha pembeni mpaka tukakaribia kuingia shimoni.

Barabara ya lami niliifikia jua likiwa limeshuka, vumbi mpaka kwenye meno. Nikakaa kwenye benchi la muuza mihogo, nikaandika kwenye simu kwa kidole kimoja: "Shikamoo. Simamisheni ya kesho. Kiraka changu kinafungua tundu kwenye njia ya kukatizwa. Hesabu inapungua mapema."

Jibu lilikuja bila Marahaba. "Una uhakika? Watu wamekwisha kujipanga."

Nikamwandikia kwamba kompyuta sina, kisha mstari wenyewe kwa kichwa, na jinsi unavyoweza kukatizwa, hatua kwa hatua. Muuza mihogo akaniuliza kama nitakula au nimekuja kukalia benchi. Nikala. Nilipoanza muhogo wa tatu mlinzi wangu akaandika: "Marahaba. Ni kweli. Nimesimamisha, tunasogeza siku tisa. Umeliona wapi na hukuwa na kompyuta?"

"Msibani, wakati wa kula. Amefariki baba mkwe."

"Pole sana. Na uko wapi sasa?"

"Barabarani."

"Basi rudi kwa watu wako," akaandika. "Kiraka nitakiandika mimi. Lakini cha kwako kitatajwa."

Najua kwamba kitatajwa. Kipo hadi leo: kosa limeletwa na fulani wa fulani, limegunduliwa na fulani wa fulani, na fulani ni mmoja. Mkitaka kucheka vizuri, kasomeni hapo.

Alfajiri nikapanda gari la mizigo kurudi. Lilipasua gurudumu. Nilipoingia uwanjani Likawage majamvi yalikuwa yanakunjwa, na wanaume wote waliyaacha kidogo ili wanitazame vizuri.

"Karibu, shemeji," akasema Selemani. "Umekuja kwenye msiba upi?"

Nikashika ncha ya jamvi nikaanza kukunja. Jioni habari ilikuwa imekwisha kupikwa: nina mke wa pili barabarani. Aliyeniokoa ni Somoe, kwa njia yake. "Huyu?" akawaambia shangazi zake, na sauti aliipandisha ili nisikie. "Huyu awe na mke wa pili? Nani atamtoa nyumbani aende kulala kwake?" Wakakubali mara moja, bila hata mmoja kunitetea heshima yangu ya kiume. Mama mkwe peke yake hakucheka. Hakuniuliza, hakunisema. Salamu yangu aliipokea, akageuza uso.

Siku tisa zikapita, kiraka cha mlinzi wangu kikatoka, siri ikafunguliwa. Nilikuwa huru kueleza. Nilijiandaa kama mtu anayekwenda kwenye usaili. Tulirudi Likawage kwenye arobaini, na baada ya dua nikaomba kuonana na mama mkwe chumbani alikokaa eda. Selemani akaingia na kuketi mlangoni, bila kualikwa.

Nikaeleza yote. Kiini, hesabu, mjomba, nyama. Nilitumia muda mrefu kuliko khatibu wa Ijumaa. Nilipomaliza Selemani akakuna kidevu.

"Kwa hiyo mwenye kosa ni nani?"

"Mimi."

"Na aliyeliona?"

"Mimi."

"Na kabla ya wewe kugusa?"

"Kulikuwa na jingine, dogo kidogo."

"Shemeji," akasema, "ungepumzika tu."

Mama mkwe alikuwa akichezea simu mapajani, ile kubwa tuliyompelekea Idd. Alikuwa haruhusiwi kutoka, na simu hiyo pale dirishani ndiyo ilikuwa baraza yake: wajukuu wanapiga, majirani wa zamani wanapiga, naye anapokea akiwa ameegemea ukuta.

"Hicho kiini chako," akasema, "na humu kimo?"

"Kimo, mama. Kilekile."

"Kwa hiyo humu ulishapaziba."

Nikasema ndiyo, kisha nikaona bora nihakikishe, nikaiomba. Juu ya kioo kulikuwa na tangazo dogo linaloomba ruhusa ya kuweka marekebisho. Lilikuwa la tangu Idd, lililoingia simu ingali kwetu Lindi, tena la marekebisho ya mwaka wa nyuma. Yangu yalikuwa mbali kabisa, mwisho wa foleni.

"Mama, hili tangazo hulioni?"

"Naliona kila siku. Linaniomba ruhusa, mimi nalibonyeza hapa, baadaye. Lina adabu, halichoki." Akanitazama. "Nilikosea?"

Wanangu, niliacha watu wakimwombea marehemu, nikala vumbi kutwa, nikaitwa mzinzi, ili kiraka kiingie kwenye mashine za watu. Na mashine ya mama yangu mwenyewe ilikuwa imekisubirisha nje kwa kidole gumba. Nilipitia kichwani barua zote za miaka yangu yote, sikukumbuka hata moja iliyouliza habari za kidole hicho.

"Hukukosea, mama," nikasema. "Hakuna aliyekueleza. Lakini hapa marekebisho hayaingii, mpaka simu ifike kwenye intaneti. Nitaipeleka barabara ya lami, kesho adhuhuri nitakuwa nimeirudisha."

Selemani akaangua kicheko mlangoni. "Anaondoka tena huyu!"

Mama mkwe aliifuta simu kwa upande wa kanga, akaitazama mara moja zaidi kama kuna mtu anapiga, akaniwekea mkononi. Nikasimama mbele yake, nikasema ninakokwenda, ninakwenda kufanya nini, na nitarudi saa ngapi.

"Haya," akasema. "Leo umeaga. Nenda."